Mwenye duka la dawa na kipimo cha dharura

Mjadala wa bangi kuwa dawa ukizuka barazani baada ya swala, huchukua dakika chache tu. Mmoja atasema kila kilevi ni haramu, na hapo amemaliza. Mwingine atakimbilia dharura, naye amemaliza. Kila mtu huchukua viatu vyake akaondoka. Hakuna anayemkumbuka muuzaji, na mimi naona suala zima liko mikononi mwake.

Tuanze mbali kidogo. Jimbo la California nchini Marekani liliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 1996. Leo mwenye duka huko hafungui mlango akauza apendavyo. Anatakiwa awe na leseni na kamera za ulinzi, na mzigo wake ufuatiliwe kwa namba tangu shambani hadi kwa mnunuzi. Mtu akisikia "wenzetu wameruhusu" adhani ni ruhusa ya holela, amedanganyika.

Kwetu duka la namna hiyo halipo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza biashara ya bangi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Wakazi wa mkoa wa Mara hawahitaji kukumbushwa. Operesheni za kufyeka mashamba ya Tarime wanazijua. Hata kura ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020, iliyopita kwa 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi katika orodha ya dawa zilizo chini ya katazo kali zaidi tu. Udhibiti wenyewe haikuuondoa.

Lakini, ndugu msomaji, kuna vilevi ambavyo tayari tunavitumia kwa tiba. Mofini hutokana na afyuni. Pethidini ni ya ukoo huo huo. Serikali huziita dawa tiba zenye asili ya kulevya, nazo hutolewa kwa cheti cha daktari, hufungiwa kabatini, na kila dozi huandikwa daftarini. Hapa ndipo swali letu linapokuwa la kweli.

Tuchukulie yuko kijana mwenye duka la dawa muhimu Murangi, huko Musoma vijijini. Maduka haya yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa mbali na famasi wapate dawa salama. Yana orodha yake, na mofini haimo. Anaingia jirani. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu. Kaka yangu wamemrudisha kutoka Bugando, saratani imesambaa. Usiku kucha analia. Hebu nisaidie." Kijana anamjua mtu wa mjini awezaye kumpatia chupa moja kwa mlango wa nyuma. Mkaguzi hayupo. Afanye nini?

Wapo watakaosema: maumivu ni dharura, na dharura huhalalisha kilichokatazwa, hivyo masharti ya leseni ni makaratasi ya serikali tu. Hoja hii ina huruma ndani yake, siipuuzi. Lakini mafaqihi walioweka kanuni hiyo waliweka na ya pili, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Nani anapima pale dukani? Cheti kinathibitisha kuwa mgonjwa yupo. Daftari linasema amepewa kiasi gani. Kufuli linazuia chupa isifike kwa kijana wa kijiweni. Ukiviondoa hivyo, umebakiwa na mofini isiyo na kipimo, ambayo ikizidi husimamisha pumzi ya mgonjwa. Kwa hiyo kwa dawa hizi masharti hayako nje ya uhalali. Ni sehemu yake. Kijana asiuze.

Je, tumlaumu baba mdogo? Hasha. Na hapa nawageukia wenye mamlaka, maana ni rahisi mno kumhubiria mwenye duka uaminifu na kumwacha mgonjwa analia. Anayeweka kipimo ana wajibu wa kukifikisha kwa mwenye haja. Uganda iliona kuwa madaktari hawafiki vijijini, na tangu 2004 wauguzi waliopewa mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini. Kufuli na daftari viliendelea kuwepo. Kilichobadilika ni nani anashika kalamu, na kalamu hiyo ikasogezwa karibu na kitanda cha mgonjwa.

Kwa hiyo kijana wa Murangi akatae, kisha asikae nyuma ya meza yake. Afunge duka, apande bodaboda na baba mdogo hadi kituo cha afya, waombe mgonjwa aandikiwe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa na aulizwe waziwazi juu ya dawa ya maumivu. Atapoteza mauzo ya siku nzima. Na wakiambiwa huko kwamba dawa imekwisha, warudi Jumatatu, naomba aliyetoa jibu hilo aliandike naye daftarini, kwa jina lake na tarehe.