Shauri la Kiangazi

Mkulima haipimi ardhi kwa hatari yake. Huipima kwa mavuno yake. Ndiyo maana miteremko ya Mlima Elgon, huko Bududa nchini Uganda, haikosi watu. Maporomoko ya udongo ya Machi 2010 yalipokifunika kijiji cha Nametsi, baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mbali na milima. Wapo waliorudi. Asiwalaumu haraka asiyelima: palipozikwa wazee na panapostawi migomba hapahamwi kwa amri tu.

Basi kuhama kukishindikana, kujiandaa ni wajibu. Udongo hunywa maji. Ukishiba, huwa mzito na hulegea. Anayechimba chini ya mteremko ili apate kiwanja huuondolea mlima tegemeo. Anayekata miti huidhoofisha mizizi iliyoushika udongo. Anayeyaacha maji ya paa yajiendee huyaelekeza kwa jirani wa chini. Kosa la mmoja ni dogo, ila mlima huyajumlisha yote.

Dalili huanza ndogo: ufa mpya uani, mlango uliofungika vizuri jana na leo unakwama, mti unaoinama, maji yanayobubujika palipokuwa pakavu, mto unaopungua ghafla ilhali mvua haijakatika, kwa kuwa huenda umezibwa huko juu. Watu huziona dalili hizi zote. Kinachowaponza ni kila mmoja kungoja mwenzake awe wa kwanza kuogopa.

Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, nchini Tanzania. Saa ya namna hiyo haina nafasi ya kikao. Kikao kifanyike kiangazi: nani atambeba bibi, nani atamshika mtoto mkono, wapi pa kukutana, na njia ipi ya kutokea kando na kupanda juu, si kufuata bonde. Vyeti viwekwe kwenye mfuko wa plastiki, tochi itundikwe karibu na mlango, na usiku wa mvua kubwa mmoja akeshe. Kisha njia ile ipitwe kwa miguu mchana, watoto wakitangulia, mpaka waizoee.

Woga usio na mpango humchosha mtu. Ujasiri usio na mpango humzika. Nyumba iliyokwisha kukubaliana huondoka mapema, na hata ikiondoka bure mara tatu, haijapoteza ila usingizi.