Anza na Sakafu

Mwanangu, nasikia unataka kuweka lifti ya gari kwenye gereji yako ya nyumbani, na umeshaanza kuulizia bei Nairobi. Sikukatazi. Kijana anayeingia chini ya gari lililokaa juu ya jeki na mawe mawili anachezea roho yake, na hata shimo la kuchimba lina hila zake: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo chini ukingoja cheche. Ila umeanza kwa kuuliza bei ya chuma, nami ningependa uanze na kile kitakachokibeba.

Lifti ya nguzo mbili haishikwi na kitu ila bolti zilizozama kwenye zege. Gari likiwa juu, uzito wake huzivuta nguzo ziinamiane, na bolti za upande wa nje ndizo zinazopigana zising'oke. Ile sakafu ya kawaida ya nyumba zetu, simiti nyembamba juu ya mawe na udongo, haiwezi vita hivyo. Watengenezaji wengi hutaka zege la unene wa sentimita 10 au zaidi. Wewe mwaga 15. Ungekuwa kule milimani Iveti au Mua, udongo mwekundu ungekusaidia. Lakini umenunua kiwanja upande wa Katani, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua za Novemba zinapoanza. Uchimbe uutoe wote mpaka ukutane na ardhi ngumu, la sivyo sakafu itapasuka na nguzo zako zitaenda nayo.

Mchanga hutakosa, maana mito yetu ya msimu imejenga nusu ya Nairobi. Shida ni tope lililomo. Tia mchanga nusu chupa, ujaze maji, utikise, kisha uache utulie hadi kesho yake. Ukiona tope limekaa tabaka nene juu ya mchanga, mrudishie mwenye lori mzigo wake bila aibu. Fundi wa mjengo achanganye simiti sehemu moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Zege limwagilie maji juma zima, na usitoboe tundu la bolti kabla ya siku 28 kupita. Najua zitakuwa ndefu kwako, wewe ambaye hata chai huwezi kuisubiri ipoe.

Tazama juu pia. Gari kama Noah lina kimo cha karibu mita 1.85. Ongeza kimo chako, kwa kuwa unataka kusimama chini yake wima, na tayari umepita mita 3.5. Gereji nyingi za mabati zina kenchi chini ya hapo.

Sasa aina. Kazi yako kubwa ni breki, shoki na bushi, kwa hiyo nguzo mbili zitakufaa, sababu huacha magurudumu yakining'inia. Nguzo nne hubeba gari kwa magurudumu yake. Ni tulivu, nzuri kwa kubadilisha oili au kuegesha gari jingine chini. Ya mkasi sikupendekezei: hukaa katikati ya gari, palepale unapotaka kushusha giaboksi. Probox ina tani moja na kitu, Hilux inakaribia mbili, Prado inazipita. Lifti ya tani 4 itakutosha. Lakini tani peke yake hazikulindi. Ukitoa injini ya gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, uzito wote huhamia nyuma, na gari lililokuwa limetulia kwenye mikono minne linaweza kupinduka. Kabla ya kulegeza nati za injini, weka stendi ndefu ya kuegemeza nyuma.

Peter Lunati, Mmarekani wa Memphis aliyebuni lifti ya haidroliki mwaka 1925, inasemekana alipata wazo hilo kwenye kiti cha kinyozi. Oili huinua. Kushikilia ni kazi ya kufuli za chuma ndani ya nguzo. Inua, kisha shusha kidogo hadi gari likalie kufuli, ndipo uingie. Ukienda dukani, mwambie muuzaji akuonyeshe hizo kufuli zikifanya kazi kabla hajakuonyesha rangi.

Halafu kuna stima. Nyumbani una laini moja ya volti 240. Mota ya laini tatu, volti 415, itakulazimu uombe laini mpya. Na ile ya bei nafuu kutoka Marekani, iliyoundwa kwa hezi 60, itazunguka polepole na kuchemka kwenye hezi 50 zetu. Kumbuka pia kuwa kufuli hazifunguki mpaka gari liinuliwe kidogo. Stima ikipotea, gari la mteja litalala huko juu hadi irudi.

Nimesema mteja kwa sababu nakujua. Ukianza kupokea magari ya majirani kwa malipo, hapo pamekuwa mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kuinulia ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Mtafute mapema.

Kwa sasa nunua stendi nne imara, uache mawe. Jumamosi nitapita na tepu, tupime kenchi.