Je, Meza ya Kamari Yafaa Kuwa Meza ya Chakula?

Ndugu msomaji, ziko meza za namna ya pekee ambazo mafundi wa Ulaya na Marekani huzitengeneza kwa kazi mbili. Uso wa juu ni ubao laini ambao juu yake huandaliwa chakula. Ubao huo ukiondolewa, chini yake huonekana kitambaa cha kijani na vishimo vya kuwekea fedha za wachezaji: hapo imekwisha kuwa meza ya karata. Seremala yeyote wa Handeni aliyezoea kuranda mninga aweza kuiunda akionyeshwa mfano wake. Basi tuseme kwamba mtu wa Korogwe aliyesilimu karibuni anayo meza ya namna hiyo, aliyoipata zamani kwa ajili ya kamari, nayo ndiyo meza pekee nyumbani mwake. Je, yafaa ale juu yake pamoja na watoto wake, au ni wajibu wake kuichoma moto?

Swali hili ni dogo kwa umbo tu. Kila aongokaye hukutana nalo kwa sura moja au nyingine: afanye nini na vyombo vya maisha yake ya zamani?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mti hauna dhambi. Sahaba Abu Thaalaba r.a. alimwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. juu ya kula katika vyombo vya watu wa Kitabu. Jibu lilikuwa kwamba wakipata vingine wavitumie hivyo. Wasipopata, wavioshe kisha wale. Tena imepokewa kwamba Mtume s.a.w. aliwahi kukataza vyombo fulani vilivyozoeleka kwa kutengenezea vileo. Baadaye akaviruhusu, akieleza kwamba chombo chenyewe hakihalalishi wala hakiharamishi kitu, bali kila kilevi ndicho haramu.

Mfano mkubwa zaidi ni Al-Kaaba yenyewe. Makureshi walikuwa wameijaza masanamu, na mbele ya sanamu la Hubal walikuwa wakipiga bao kwa mishale. Mwaka wa 8 Hijiria, yaani 630, Makka ilipofunguliwa, Mtume s.a.w. hakuibomoa Nyumba ile. Aliamuru masanamu yatolewe, pamoja na picha zilizowaonyesha Ibrahimu na Ismaili a.s. wameshika mishale ya kupigia bao, jambo ambalo hawakulifanya kamwe. Nyumba ikabaki, uovu ukatoka.

Basi meza yaweza kusafishwa. Lakini isafishwe na nini hasa? Hapa yatupasa kufahamu kamari ni kitu gani. Waarabu wa zamani walikuwa wakichinja ngamia na kuivuta nyama yake kwa mishale kumi: saba ilikuwa na mafungu, na mitatu ilikuwa mitupu. Wenye mishale mitupu walilipa bei ya ngamia wasipate kitu. Washindi mara nyingi waliwapa maskini nyama ile, na kwa hiyo walijiona wakarimu. Kurani Tukufu (2:220) haikukana kwamba ndani ya ulevi na kamari zimo faida kwa watu, ila imesema madhara yake ni makubwa kuliko faida yake. Kisha katika Sura ya tano (5:91-92) imeamrisha kuviepuka kabisa, kwa kuwa Shetani huvitumia kutia uadui na chuki kati ya watu na kuwazuia na Sala. Ajabu iliyoje kwamba Sura hiyo inaitwa Al-Maida, yaani meza iliyoandaliwa chakula!

Tazama basi, ndugu yangu. Kinachowekwa juu ya meza ya kamari ni chakula tangu mwanzo. Handeni, mvua zikikosekana, mahindi hukauka shambani, na kila shilingi iliyomo nyumbani ni unga wa kesho. Baba akiipeleka shilingi hiyo kwenye mchezo wa pata potea, amekiondoa chakula juu ya meza moja na kukiweka juu ya nyingine. Wahenga walisema, cha mlevi huliwa na mgema. Meza ya chakula hugawia kila aketiye. Meza ya kamari humshibisha mmoja kwa njaa ya wenzake.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: na ale juu ya meza yake, lakini kwanza akibandue kile kitambaa, azibe vile vishimo, na ule ubao wa juu aupigilie misumari. Huenda akasema, “Uso wa kijani nitauacha chini kwa ajili ya wageni tu.” La! Masanamu ya Al-Kaaba hayakufunikwa yasubiri wageni. Meza iwezayo kugeuzwa usiku mmoja haijaongoka bado; imejifunika tu. Na moyo wa mtu ndivyo ulivyo.

Wala usidhani kwamba jambo hili halikuhusu kwa kuwa huna meza ya namna hiyo. Siku hizi kamari imo katika simu ya mkononi, na orodha ya mechi alizozitabiri mchezaji vijana huiita mkeka. Jina la kitu tunachokalia kula, na tunachosujudia juu yake, limepewa kamari! Ni kweli kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuweka utaratibu wa leseni. Lakini leseni humkinga mtu na polisi. Haimjazi mtoto tumbo, wala haitamjibia mtu mbele ya Mola wake.

Hivyo, kila mmoja wetu aitazame meza yake, mkeka wake na simu yake, aulize: je, chini ya uso huu upo uso mwingine? Ukiwapo, aubandue leo. Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali na moyo wenye uso mmoja. Amin.