Kubagua ni Nini?

Neno «ubaguzi» lasikika sana midomoni mwetu. Mtu akinyimwa kazi, asema: «Ni ubaguzi.» Mwanafunzi akishindwa mtihani, naye asema hivyo hivyo. Yafaa tujiulize maana yake. Neno likitupwa ovyo, mwenye kuonewa kweli hana tena neno la kujitetea.

Kubagua ni kutenga, na si kila kutenga ni dhambi. Mkulima hutenga mbegu nzima na mbegu zilizooza. Mwuguzi humweka peke yake mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Sababu yao imo ndani ya jambo lenyewe. Lakini mwalimu akitazama kwanza jina la mtoto apate kujua kabila lake, ndipo atoe alama, huyo anabagua. Kabila halikujibu swali lolote. Basi ubaguzi ni kumpimia mtu kwa jambo lisilohusu shauri lililo mbele yetu.

Wazee wetu waliyaonja hayo. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Mwafrika mwenye mvi aliambiwa kwa Kifaransa «tu», kama mtoto. «Vous», neno la heshima, liliwekwa kwa Wazungu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya Uhuru, Patrice Lumumba alilitaja jambo hilo mbele ya mfalme Baudouin. Hilo twalikumbuka upesi, kwa sababu sisi ndio tuliotendewa.

Je, ya miaka 1992 na 1993 twayakumbuka vile vile? Katika Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, watu wa Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi. Wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa watu walioletwa zamani kufanya kazi ya migodi na ya reli. Walizaliwa pale pale. Familia zilikaa vituoni Likasi na Kolwezi zikingoja gari la moshi, na wengine walikufa wakingoja. Tena waliitwa «bilulu», maana yake wadudu. Tazameni jinsi neno linavyotangulia: kabla ya kumnyang'anya jirani nyumba yake, walimnyang'anya kwanza jina la mtu.

Lakini mmoja atasema: «Mimi sikumtukana mtu wala kumfukuza. Nampenda ndugu yangu tu.» Sisi pia tulisema hivyo. Siku moja ilitupasa kuchagua mtu wa kutunza ghala la parokia. Walikuja wawili. Wa kwanza alijua kuandika hesabu. Wa pili alijua lugha ya mama yetu. Tulimtwaa wa pili, tukasema: «Huyu twamjua.» Yule wa kwanza hatukumchukia hata kidogo. Hata hivyo tulimbagua, maana magunia hayahesabiwi kwa kabila. Upendeleo na ubaguzi ni mlango mmoja: ukimfungulia mmoja bila haki, umemfungia mwenzake.

Mtume Yakobo aliwakemea Wakristu waliompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini asimame. Hakuna aliyempiga maskini yule. Kumsimamisha tu kulitosha kuwa kosa.

Basi, kabla ya kusema «nimebaguliwa», tutafute sababu. Na kabla ya kuchagua, tuitafute vile vile, hata kama nafsi yetu haipendi kuiona. Yule mjuzi wa hesabu twakutana naye kila Dominika mlangoni pa kanisa. Hutusalimu kwa upole. Nasi tungali na deni lake.