Fundi Anayekataa Kukaguliwa

Juni 2009 Wairani walipiga kura kumchagua rais. Mahmoud Ahmadinejad alipotangazwa mshindi, umati wa watu ulimiminika barabarani kuyapinga matokeo. Serikali ilijibu kwa marungu na risasi, ikaubana na mtandao pia. Facebook, Twitter na tovuti nyingi za habari zikafungwa, na kila aliyetaka kupeleka picha nje ya nchi ilimbidi atafute njia ya uchochoroni.

Huko San Francisco, kijana mtaalamu wa kompyuta aitwaye Austin Heap aliguswa na hali hiyo. Alianza kwa kuwatafutia Wairani seva za kupitishia mawasiliano yao. Baadaye akaungana na mwandishi wa programu, Daniel Colascione, wakaanza kuunda Haystack, programu waliyoipa jina la lundo la nyasi kavu, ambamo sindano ikidondoka haionekani tena. Walichoahidi ni kwamba mawasiliano ya mtumiaji yangefichwa ndani ya mawasiliano ya kawaida, hata mpelelezi akichungulia aone mtu anayesoma kurasa zisizo na madhara.

Sifa zilikuja kabla ya kazi kukamilika. Mwaka 2010 gazeti la The Guardian lilimtunuku Heap kuwa mbunifu wa mwaka. Serikali ya Marekani, ambayo vikwazo vyake vilibana upelekaji wa programu Iran, ikatoa kibali. Magazeti yakamwandika kama shujaa.

Wakati huo wote, wataalamu wa usalama walikuwa hawajaonyeshwa msimbo wa programu hiyo. Walipouomba, walijibiwa kwamba kuuweka wazi kungewafundisha wadhibiti wa Iran namna ya kuizima. Hoja hiyo ina sura ya busara, na ndiyo iliyowaponza. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyebobea katika maandishi ya siri, alikwisha kuandika kwamba mfumo wa siri sharti ubaki salama hata adui akiujua wote, madhali hana ufunguo. Dola lenye wapelelezi litaipata nakala ya programu leo au kesho. Ukiuficha msimbo, anayebaki nje ni rafiki ambaye angekuonyesha tundu mapema.

Ndivyo ilivyokuwa. Septemba 2010, baada ya mwandishi Evgeny Morozov kuhoji hadharani ahadi za Haystack, mtaalamu wa usalama Jacob Appelbaum na wenzake waliipata nakala, wakaipima na kuuvunja ulinzi wake kwa muda mfupi. Walionya kuwa inaweza kumweka mtumiaji hatarini badala ya kumficha. Majaribio yakasimamishwa. Colascione akajiuzulu. Alikubali kwamba programu iliyosambaa ilikuwa mbovu kama ilivyosemwa, akaeleza kuwa ilikuwa ya majaribio tu na haikukusudiwa kufika mikononi mwa watu, na akalaumu majigambo yaliyotangulizwa mbele ya usalama. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Vijana hawa hawakuwa matapeli. Walikuwa na nia njema, na Colascione alikuwa na ujuzi. Walichokosa ni mtu wa tatu, wa nne na wa tano mwenye uwezo na ruhusa ya kuwaambia, "Hapa mmekosea." Katika programu ya michezo, kosa humpotezea mtu alama. Katika programu ya kukwepa udhibiti, kosa humpeleka mtu gerezani, na yeye hakushiriki kulifanya.

Kwa hiyo yeyote anayeajiri mwandishi wa programu kwa mradi wa uhuru wa mtandao asianze kwa kuuliza, "Una akili kiasi gani?" Aanze na hili: "Unakubali kukaguliwa?" Mwombaji aonyeshe kazi zake zilizo wazi, na mwajiri asome hasa alivyojibu wenzake walipomkosoa. Apewe kipande cha msimbo chenye kasoro, aeleze angekirekebisha vipi na ni nini asichokijua. Anayesema "hili silijui, nitamuuliza fulani" ni hazina. Mkataba wake utamke kwamba hakuna badiliko litakaloingia bila mtu wa pili kulipitia, na bajeti itenge fedha za wakaguzi wa nje kabla ya toleo la kwanza kumfikia mtumiaji.

Wala mtu asidhani kwamba kuuanika msimbo kunatosha. Programu ya xz, inayotumika kubana mafaili katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa huria na wazi kwa kila mtu, lakini aliyeitunza ni mtu mmoja wa kujitolea, tena aliyechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alimkaribia mwaka 2021, akasaidia kwa uvumilivu hadi akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 2024. Ulifichuliwa Machi mwaka huo na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kuona seva zake zikichelewa takriban nusu sekunde kumwingiza. Uwazi humpa mkaguzi nafasi ya kuangalia, lakini mkaguzi mwenyewe lazima atafutwe na alipwe. Mradi unaomtegemea mtu mmoja, awe mwaminifu au la, umeshajiweka rehani.

Mambo haya yanatugusa sisi pia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima intaneti kuanzia Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kupiga kura. Uganda iliizima Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi. Siku kama hizo watu hupakua chochote walichoambiwa kitawavusha, bila nafasi ya kupima wala kuuliza. Wanamwamini fundi wasiyemjua. Kupima ni wajibu wa aliyemwajiri fundi huyo, na aufanye mapema, nchi ikiwa bado shwari. Akikuta fundi hodari anayekataa kazi yake iangaliwe, amshukuru kwa muda wake na amwite mwombaji anayefuata.