Sitara na Ghilba

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiamini kwamba naielewa. Nilikuja kuielewa nikiwa mstaafu, nimelala chali juu ya jamvi chini ya gari langu, vumbi la kutu likinidondokea usoni.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, lililotengenezwa mwaka 1974. Nililinunua likiwa tayari limechoka, na hapa Mafia lilibeba saruji, nazi, wagonjwa, na mara mbili maiti. Baadaye likawekwa chini ya mwembe, kuku wakataga ndani yake. Mwaka juzi mjukuu wangu alipata nafasi ya chuo, na ada ikawa haipo. Nikaamua kulifufua gari ili niliuze. Mnunuzi hakuwa mbali: kijana mmoja wa Kilindoni alitaka kulitumia kubeba abiria wa njia ya Bweni.

Msomaji asiyelijua gari la aina hii anastahili maelezo kidogo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ikaundwa zaidi kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Ndiyo maana Land Rover kuukuu huweza kuwa na uso safi huku mifupa yake inakufa. Chesisi yake ni kama maboksi marefu yenye uwazi ndani. Maji ya chumvi na tope huingia, hukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Hata aluminiamu, inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa ikawa unga mweupe. Kisiwani kwetu, chumvi hiyo huletwa na upepo usiku na mchana.

Fundi wangu aliyekuja kunyoosha bodi alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Tulikwangua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikang'aa, maana kutu iliyopakwa rangi juu yake haifi. Huendelea kufanya kazi gizani, na baada ya masika mawili huiinua rangi kama lengelenge. Sakafu ya dereva ilikuwa imetoboka; akaikata na kuchomelea bati jipya. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipoigonga chesisi kwa nyundo, karibu na zinaposhikilia springi za nyuma. Badala ya kulia, ilijibu kwa sauti ya boga. Akachomeka bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, tuzibe kwa bati jepesi na puti, juu tupake lami. Anayenunua gari huangalia rangi. Nani atalala chini?" Aliponiona nimekunja uso, akaongeza, "Si wewe mwalimu uliyetufundisha kwamba kusitiri aibu ni jambo jema?"

Nilimwambia tupumzike, tunywe chai. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeshaanza kuihesabu ile ada.

Neno lake halikuwa la kipuuzi. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika sitara. Mwenye kanzu iliyochanika huitia kiraka, wala hatumwiti mwongo. Ukienda Chole wanapounda vyombo, utakuta ubao unatiwa kalafati kwenye maungio, na tumbo la chombo linapakwa deheni ili wadudu wa baharini wasile mbao. Katika magofu ya Kua, kisiwani Juani, yapo mawe ya matumbawe ambayo bado yamevaa lipu ya chokaa. Kifuniko basi si adui wa kweli. Mara nyingi kifuniko ndicho kinachokilinda kile kilichofunikwa.

Lakini nilipokuwa nimeshika kikombe, nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika. Katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu mkuu, tulipata habari kwamba wageni wanakuja kukagua shule. Boriti za darasa moja zilikuwa zimeliwa na mchwa, nami nilijua. Fedha hazikuwapo. Nikaamuru kuta zipakwe chokaa na boriti zipakwe oili chafu ili zionekane mpya. Wageni walisifu, wakaondoka. Baada ya wiki chache paa lile lilianguka usiku, darasa likiwa tupu. Asubuhi nilisimama mlangoni nikitazama madawati yaliyovunjika, nikayahesabu watoto wangapi hukaa pale. Kila mtu alisema ni kudra. Mimi nilikubali, kwa sababu neno hilo lilinisitiri.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mwanafunzi wangu, nikiwa nimechelewa miaka mingi. Sitara hufunika aibu ambayo mzigo wake unabaki kwa mwenyewe. Ghilba hufunika hatari na kumtwisha mtu mwingine bila yeye kujua. Rangi inaweza kuwa ileile, kopo lilelile, mkono uleule. Tofauti ni kuuliza: kikianguka, kitamwangukia nani? Kiraka cha kanzu kikifumuka, nitacheka na wenzangu. Chesisi ikikatika njia ya Bweni, watakaozikwa ni watu ambao hawakuwahi kuiona bisibisi ile.

Tulikikata kipande kilichooza. Chuma kinene kililetwa kutoka Dar es Salaam, kikachomelewa, kikapakwa praima ya zinki. Kabla ya rangi ya juu nilimwita yule kijana. Alikuja, akaniamkia, nikamtandikia jamvi, nikamwambia alale chini. Nikamwonyesha mshono wote na kumpa kile kipande cha zamani akishike. Kilivunjika vidoleni mwake kama andazi la jana.

Akashusha bei. Alikuwa na haki. Mjukuu wangu alianza chuo nikiwa na deni, na mama watoto hakunisemesha kwa siku mbili, naye pia alikuwa na sababu zake.

Gari sasa ni la kijani, linang'aa, linapita mbele ya nyumba yangu asubuhi likiwa limejaa watu na matenga ya samaki. Kila likipita, sitazami rangi. Nasikiliza chini.