Msamaha ni wa Nani? Juu ya Haramia Apendwaye na Mji Wake

Killa haramia ana kwao. Yuko baba aliyemlea, na jirani aliyekula naye, na chuo alichosoma. Akiisha kutajika kwa uovu, watu wa kwao yawapasa nini: kumsitiri au kumtoa? Na wakisema, "Sisi tumemsamehe," je, msamaha huo wafaa kitu?

Itazamwe khabari ya John Dillinger wa Marekani. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1903, kisha jamaa zake wakahamia mji mdogo wa Mooresville. Mwaka 1924 alimvamia muuza duka wa mji huo ili amnyang'anye fedha. Baba yake akamshauri akiri. Akakiri, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hata 20. Alipokwisha kukaa gerezani karibu na miaka tisa, watu wa Mooresville walitia mikono yao katika barua ya kumwombea, na yule muuza duka akatia mkono wake pamoja nao. Akafunguliwa Mei 1933.

Wakati ule Marekani ilikuwa katika dhiki kuu iliyoanza mwaka 1929. Benki kwa maelfu zimefilisika, na wanyonge wamepotelewa na akiba zao. Dillinger akashika kazi ya kuvamia benki, na wengi wakafurahi, wakisema kuwa amewaibia wezi. Januari 1934 benki iliibiwa East Chicago, akauawa askari William O'Malley, na Dillinger akashitakiwa kwa damu hiyo. Aprili, naye anasakwa nchi nzima, alirudi shambani kwa baba yake akala na jamaa zake. Ndipo watu wa mji ule wakatunga barua ya pili, wamwombe gavana amsamehe yote. Haikufaa kitu: Julai 22 aliuawa kwa risasi mjini Chicago.

Barua hizi mbili zafanana kwa sura, lakini baina yao pana bahari. Ya kwanza ndani yake mna mkono wa aliyedhulumiwa. Haki ilikuwa yake, naye akaiacha kwa ridhaa yake. Ya pili ni ya watu wasioibiwa hata senti moja, nao wakagawa damu ya mtu wa mji mwingine kama kwamba ni mali yao. Hapana awezaye kutoa sadaka kwa mfuko wa jirani.

Huenda mtu akasema: kusitiri aibu ya ndugu si jambo la sifa? Jawabu: ni la sifa katika aibu iliyo baina ya mtu na Mola wake. Ama mwenye silaha mkononi, atokaye leo ili aue kesho, kumficha ni kushirikiana naye. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu.

Wala mlango wa toba haukufungwa. Al-Fudhail bin Iyadh alikuwa mnyang'anyi wa njiani baina ya Abiward na Sarakhs. Imepokewa kuwa usiku mmoja alisikia Qur'ani ikisomwa, kisha akawasikia wasafiri wakiogopa kuondoka kwa sababu yake. Akatubu, akawa katika wacha Mungu wakubwa, akafa Makka mwaka 187 wa Hijra. Lakini wanazuoni wa Kishafii wamebainisha kuwa haramia akitubu kabla ya kushikwa, humwondokea adhabu iliyo haki ya Mwenyezi Mungu. Ama haki za wanaadamu, mali na damu, hubaki shingoni mwake mpaka azirejeze au wenyewe wasamehe.

Basi na tukadirie kijana wa Sigino, karibu na Babati, avizia wasafiri katika njia ya Arusha, kisha arudi kwao na fedha, awalipie wazee madeni, aezeke msikiti. Watu wa Sigino hawakuibiwa. Ni wepesi kumwita mwana mwema. Lakini mfanya biashara wa Magugu aliyeachwa njiani bila ya ng'ombe wala nguo, nani amemwuliza? Wampendao kweli kijana huyo hawatamlipia kwa shukrani. Watamshika mkono, wafuatane naye hata Magugu, wasimame mlangoni pa yule mtu, na msamaha waungoje hapo.

Wallahu aalam.